Pampu Husukuma Mbali Lakini Huvuta Karibu: Usitupe Fedha Kwenye Injini Kubwa



Kila kiangazi, mto ukishuka na nyanya zikianza kunyauka, swali linalorudi mezani kwangu ni hili: "Bwana shamba, pampu yangu haivuti maji. Ninunue yenye injini kubwa zaidi?" Maoni yangu ni kwamba mara nyingi jibu ni hapana. Tatizo haliko kwenye injini. Liko kwenye mpira wa kunyonyea, au kwenye mahali ulipoiweka pampu. Ukinunua injini kubwa bila kuligusa tatizo hilo, umeongeza deni na matumizi ya petroli, na maji hayatapanda.

Kuna jambo la pili, zito kuliko fedha. Mtu akiona pampu haivuti kutoka juu, hushawishika kuiteremsha kisimani na injini yake ya petroli ikiwa inanguruma. Hilo huua watu. Nitalifikia, naomba usiache kusoma njiani.

Pampu haivuti, hewa ndiyo inayosukuma

Chukua mrija wa soda. Unaponyonya huna kamba iliyoshika soda ukaivuta kuja mdomoni. Unachofanya ni kupunguza hewa ndani ya mrija. Hewa ya nje, ambayo ina uzito, inaikandamiza soda iliyo ndani ya chupa na kuisukuma ipande kwenye mrija. Toboa mrija huo kwa sindano juu ya soda, kisha unyonye tena. Utapata hewa nyingi na soda kidogo. Hakuna aliyekupunguzia nguvu za mapafu. Mrija ndio umeharibika.

Mashine ya kufyonza vumbi inayotumika kwenye mazulia ya mahoteli hufanya hivyo hivyo. Ndani yake kuna feni inayotoa hewa, na hewa ya nje inakimbilia kuziba pengo ikiwa imebeba vumbi. Mwingereza Hubert Cecil Booth alipotengeneza mashine yake mwaka 1901, ilikuwa kubwa kiasi cha kukokotwa na farasi. Iliegeshwa barabarani, na mipira mirefu ikapitishwa madirishani. Za leo ni ndogo, lakini hata yenye nguvu, kama ingeelekezwa kwenye maji, ingeyapandisha kama mita 2 tu. Usijaribu, umeme na maji havipatani. Ninaitaja ili uone kwamba mngurumo mkubwa si dalili ya mvuto mkubwa.

Utazame na mpira wa mashine hiyo. Una mikunjo na waya uliozunguka kama chemchemi. Si urembo. Ndani ya mpira hewa ni pungufu, nje imejaa, kwa hiyo hewa ya nje inataka kuuminya. Bila ule uti, mpira ungelala bapa na kujiziba. Ndiyo maana mpira wa kunyonyea wa pampu yako lazima uwe mgumu wenye uti wa duara, na ule laini unaokunjika kama mkanda ukae upande wa kusukumia tu. Anayeunganisha kipande cha mpira laini upande wa kunyonya "kwa muda tu" anaifunga pampu yake mwenyewe.

Wako pia vijana wetu wanaofanya kazi kwenye hoteli za hifadhini, wanaosafisha mabwawa ya kuogelea. Waulize wanavyoanza kazi. Kabla ya kuunganisha mpira kwenye tundu la kunyonya, wanaujaza maji kwanza mpaka mapovu yote yatoke. Wanajua kuwa hewa iliyobaki mle itafika kwenye pampu, na pampu ikishika hewa itazunguka bure. Pampu ya shambani inataka adabu ile ile: ijaze maji kichwani mpaka yafurike, funga kizibo, ndipo uwashe.

Kuna kikomo, na kwetu kiko chini zaidi

Kama ni hewa inayosukuma maji, basi maji hayawezi kupanda zaidi ya nguvu ya hewa hiyo. Mafundi wa Italia waligundua zamani kwamba pampu zao za kunyonya zilikwama kwenye kimo cha mita 10 hivi, hata wafanyeje. Mwaka 1643 Evangelista Torricelli alipata maelezo kwa kutumia zebaki. Ndugu zangu mliopita kwenye maduara ya dhahabu mnaijua zebaki na uzito wake: ni nzito mara 13.6 kuliko maji. Torricelli aliona kuwa hewa huinua zebaki sentimita 76 tu. Zidisha sentimita 76 kwa 13.6, utapata kama mita 10.3 za maji. Hicho ndicho kikomo cha pampu yoyote ya kunyonya iliyo usawa wa bahari, iwe ya mkono, ya kukanyaga, ya petroli au ya umeme.

Sisi hatuko usawa wa bahari. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, na vilima vya Tarime vinafika mita 1,500 na kuzidi. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito. Ziwani kikomo ni kama mita 9. Ukiwa kwenye mita 1,500 ni kama mita 8.6. Na hizo ni hesabu za pampu isiyo na kasoro, kwenye mpira usio na msuguano, ambayo haijawahi kuundwa popote.

Msuguano nao usiudharau. Maji yakipita lita 500 kwa dakika kwenye mpira wa inchi 2 wenye urefu wa mita 10, msuguano peke yake unakula karibu mita 3 za uwezo wako. Maji yaleyale kwenye mpira wa inchi 3 yanapoteza karibu nusu mita tu. Mpira mwembamba na mrefu ni mwizi asiyeonekana.

Hapa ndipo injini kubwa inapomponza mtu. Hewa inayosukuma maji ni ile ile, uwe na injini ya nguvu farasi 5 au 13. Tena pampu kubwa inataka maji mengi zaidi kupitia mpira ule ule, na maji mengi maana yake ni msuguano zaidi. Unaweza kununua kubwa ukapata mvuto mdogo kuliko wa ile uliyoiacha.

Soma namba mbili kabla ya kulipa

Kwenye kibandiko cha pampu nyingi za petroli za inchi 2 kuna namba mbili za kimo. Moja ni ya kunyonya, kwa kawaida mita 7 au 8. Ya pili ni kimo chote ambacho maji yanaweza kufikishwa, mara nyingi kama mita 30. Wengi wetu tunaisoma ya 30 kwa furaha na kuiruka ya 7.

Zitazame tena hizo namba. Pampu hiyo inaweza kusukuma maji juu kwa kimo cha jengo la ghorofa nyingi, lakini haiwezi kuyanyonya kutoka kwenye kisima cha mita 9. Husukuma mbali na huvuta karibu. Na ile 7 au 8 imepimwa kwenye mazingira mazuri, pampu ikiwa mpya, si kwenye vilima vyetu na sili iliyokwisha kulika.

Kwa wilaya zetu mbili, Tarime na Serengeti, mimi nashauri hivi: usipange kunyonya zaidi ya mita 5 za wima. Ukiwa na 5, unabaki na akiba ya mita 3 na nusu hivi kwa ajili ya msuguano na mahitaji ya pampu yenyewe. Ukifika 6 unaomba bahati. Ukifika 7 unanunua ugomvi na fundi.

Pima kwa kamba na jiwe. Simama pale pampu itakapokaa, shusha jiwe mpaka liguse usawa wa maji, kisha upime kamba. Pima wima, usifuate mteremko. Na upime kiangazi, siyo masika. Mto Mara unaotenganisha wilaya zetu hauna sura moja mwaka mzima. Ukipima mwezi wa 4 maji yakiwa karibu na ukingo, mwezi wa 8 yatakuwa yameshuka, na hapo ndipo shamba linapoyahitaji.

Kabla ya kulaumu injini, kagua mpira

Upande wa kusukumia ukitoboka utaona maji yanachuruzika. Upande wa kunyonya ukitoboka huoni kitu, kwa sababu maji hayatoki, hewa ndiyo inayoingia. Ndiyo maana tundu dogo kama la sindano linaweza kumhangaisha mtu siku nzima. Fanya ukaguzi huu kwa mpangilio:

1. Funga valvu ya chini, ile yenye chujio, kwenye mpira. Simamisha mpira, ujaze maji, usubiri dakika 10. Maji yakishuka, ama valvu haifungi vizuri kwa sababu ya mchanga au mpira wake umelika, ama mpira wenyewe unavuja. Tafuta unyevu kwa nje.

2. Kagua washa na klampu kwenye kila kiungo. Kiungo kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli si kiungo. Klampu mbili nzuri ni rahisi kuliko lita moja moja za petroli zinazoishia hewani.

3. Pampu ikiwa inafanya kazi, paka povu zito la sabuni kwenye viungo vya upande wa kunyonya. Povu likiingia ndani, hapo ndipo hewa inapopita.

4. Laza mpira ili upande mfululizo kutoka majini hadi kwenye pampu. Ukiupitisha juu ya jiwe au kisiki kisha ukashuka tena, hewa itakaa kwenye ile nundu na kukata maji.

5. Chujio lizame angalau sentimita 30 chini ya uso wa maji, lakini lisilale kwenye tope. Likiwa juu sana litavuta hewa kwa kizunguzungu cha maji. Likiwa chini sana litajaa matope. Liweke ndani ya ndoo kuukuu iliyotobolewa matundu mengi, ining'inie kwenye nguzo.

Hapo kwenye namba 5, ifunge ndoo kwa kamba ndefu ili uivute ukiwa ukingoni. Mto Mara una mamba na viboko, na hakuna kabichi yenye thamani ya mguu. Usiingie majini kuzibua chujio, wala usimtume mtoto.

Sikiliza pia sauti. Injini ikibadilika ghafla ikalia kwa wepesi, kama imetua mzigo, pampu imeshika hewa. Izime mara moja. Maji ndiyo yanayopoza sili ya pampu, na ikizunguka kavu kwa dakika chache tu sili huungua. Baada ya hapo hata ukiurekebisha mpira haitavuta, nawe utaamini kweli kwamba injini ni dhaifu.

Isogeze pampu, siyo mpira

Umekagua yote na bado kimo ni mita 7. Sasa usirefushe mpira wa kunyonyea. Isogeze pampu ishuke karibu na maji, halafu urefushe mpira wa kusukumia. Kusukuma ndiyo kazi pampu inayoiweza.

Ukingo ukiwa mrefu, chonga ngazi pana ya wazi kwenye mteremko, sehemu ngumu, pampu ikae pale mita 3 au 4 juu ya maji. Ifunge kwa kamba isiteleze. Mnaposikia mvua imenyesha upande wa juu, ipandisheni, kwa maana mto hupanda bila kupiga hodi.

Najua mtaniuliza kuhusu mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni au ziwani, zile za kudumu au zinazoweza kuharibu chanzo. Kwa hiyo shamba likae nje ya mita 60, usijenge kibanda cha kudumu cha pampu mle, na ngazi yako isiwe chanzo cha kubomoa ukingo. Leta pampu asubuhi, umwagilie, uiondoe. Petroli ijazwe mbali na maji, na oili usiimwage pale. Hizo mita 60 za umbali si mzigo kwa pampu, maana ziko upande wa kusukuma. Kumbuka pia kwamba kuchukua maji ya mto kwa ajili ya umwagiliaji kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Anza kwa kuuliza ofisi ya kijiji au kata wakuelekeze, na kikundi kiombe kwa pamoja.

Injini ya petroli haiingii shimoni

Sasa nafika kwenye lile la uhai. Kisima kina mita 10, pampu ya juu haiwezi kunyonya, na mtu anafikiri: kama shida ni umbali, niishushe. Kwa hesabu ya maji amepatia. Kwa hesabu ya hewa amechimba kaburi.

Moshi wa injini ya petroli una gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Inashika damu mahali ambapo oksijeni ingeshika, na ndani ya shimo haina pa kwenda. Mtu hulegea, kichwa kinamuuma, anakaa chini, na hainuki. Kuzima injini na kusubiri kidogo hakutoshi, kwa sababu gesi hubaki shimoni. Na tabia yetu nzuri ya kukimbilia kuokoa ndiyo inayoongeza msiba: wa pili anashuka kumtoa wa kwanza, wa tatu anamfuata, na wote wanalala pale pale. Haya ni sawa kwa kisima, kwa duara la mgodi na kwa chumba kilichofungwa.

Msimamo wangu hauna "lakini": injini inayotoa moshi isishushwe kwenye shimo lolote, hata dogo, hata kwa dakika 5. Mwenzako akianguka humo, usimfuate. Piga kelele, piga simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji namba 114, na kama amefungwa kamba mvuteni mkiwa juu.

Kwa kisima kirefu kuna njia halali. Pampu ya kuzamisha inayotumia sola au umeme hukaa ndani ya maji na kusukuma kutoka chini, kwa hiyo kile kikomo cha kunyonya hakiihusu. Pampu ya kamba, inayopandisha maji kwa vizibo vilivyofungwa kwenye kamba, nayo hainyonyi, inabeba. Kwa bustani ya mboga inatosha familia nyingi. Hata ndoo na kamba, kwa matuta machache ya mchicha, ni bora kuliko matanga.

Neno kwa wauzaji na waazimishaji

Wewe unayeuza pampu Sirari, Tarime mjini, Nyamongo au Mugumu, au unayeikodisha kwa saa, nakuomba uulize maswali mawili kabla ya kupokea fedha: "Kutoka pampu itakapokaa hadi maji ni mita ngapi za wima?" na "Maji ni ya mto, lambo au kisima?" Mteja asiyejua, mpe kamba aende akapime. Ukisikia kisima cha mita 9, usimuuzie pampu ya kunyonya. Utasema unapoteza mauzo. Mimi nasema pampu iliyorudishwa dukani kwa hasira ndiyo hasara, na jina lako sokoni ni mtaji.

Weka pia dukani mpira mzuri wa kunyonyea, washa, klampu na valvu za chini. Wengi mnauza mashine bila vipuri vyake, kama anayeuza jembe bila mpini.

Na ninyi mliokopa kama kikundi, yaani akina mama, vijana na watu wenye ulemavu mnaopata mikopo ile ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, bajeti yenu isiishie kwenye injini. Kama fedha inatosha ama pampu kubwa yenye mpira hafifu, ama pampu ya kadiri yenye mpira imara, chukueni ya pili bila kupiga kura. Marejesho hayasubiri pampu itengenezwe.

Kwa hiyo kabla hujaenda mjini na fedha yako, nenda mtoni na kamba yako. Ikikuambia mita 5 au chini, kagua mpira na viungo, na pengine hutanunua kitu zaidi ya washa mpya. Ikikuambia zaidi, tafuta namna ya kuisogeza pampu palipo wazi, au badilisha aina ya pampu. Anayekuambia injini kubwa itamaliza yote, muulize hewa ya ziada ya kusukuma maji ataitoa wapi.